Sista wa Macho Anajibu: Jicho linauma jioni, asubuhi limepona

SWALI

Shikamoo Sista. Mimi ni mama wa miaka 46, nashona nguo Mwanjelwa, hapa Mbeya. Tangu baridi ya mwezi wa sita ishike, jicho langu la kulia linauma nyakati za jioni. Si kila siku, lakini wiki haiishi bila kuniuma. Linauma ndani, kwa nyuma, maumivu yanapanda juu ya nyusi mpaka nusu ya kichwa. Nikilala, asubuhi naamka mzima kabisa. Kipindi hiki nina oda za sare za shule, kwa hiyo nashona hadi saa nne usiku, na mafua nayo hayaniachi. Nanunua vidonge vya mafua dukani, nameza jioni ili niweze kumaliza kazi. Siku nyingine nikiangalia taa naiona imezungukwa na pete za rangi, lakini baadaye zinapotea. Mume wangu anasema ni uchovu wa cherehani, ninunue miwani. Dada zangu walioko Tukuyu wanasema nisifanye mzaha, maana mama yetu jicho lake moja lilizimika hivyo hivyo: liliuma usiku, akatapika, akatibiwa malaria, wiki ilipoisha akawa haoni upande ule. Naogopa kwenda hospitali nikaambiwa napofuka kama mama. Naogopa pia kwenda kuwapotezea watu muda kwa uchovu tu. Je, nivumilie mpaka lini?

Fundi cherehani, Mwanjelwa

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Usivumilie. Nenda kliniki ya macho wiki hii, na vidonge vya mafua viweke kando kuanzia leo jioni.

Nimeisoma barua yako na kalamu mkononi. Nimepigia mstari maumivu yanayokuja jioni na kuondoka na usingizi, vidonge vya mafua, habari ya mama yako, na zile pete za rangi ulizozitaja kama jambo la kupita. Kwangu mimi hizo pete ndizo barua yenyewe. Ungeniandikia habari za maumivu na cherehani peke yake, ningekushauri upime miwani, uongeze mwanga pale unaposhonea, na pengine yangeishia hapo.

Jicho lina maji yake ya ndani, mbali na machozi. Yanatengenezwa saa zote na kutoka saa zote, kupitia kona nyembamba iliyopo kati ya kioo cha mbele cha jicho na ile sehemu ya rangi inayozunguka mboni. Wapo watu wenye kona finyu kwa maumbile. Wakiwa vijana haiwasumbui. Umri ukisogea, lenzi ya jicho inanenepa, inaisukuma ile sehemu ya rangi mbele, na kona inabana zaidi. Giza likiingia mboni inapanuka, sehemu ya rangi inajikusanya kwenye kona, njia ya maji inaziba. Presha ya jicho, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21 kwenye kipimo chetu, inaweza kupanda ikapita 40. Hapo jicho linauma mpaka kichwa, kioo cha mbele kinavimba kwa maji, na mwanga wa taa ukipita humo unatawanyika kuwa rangi. Ukilala mboni inasinyaa, kona inafunguka, maji yanapita. Ndiyo maana kule kupona kwako asubuhi hakunitulizi hata kidogo.

Vidonge vya mafua vinaingia hapo hapo. Vingi vina dawa ya kukausha makamasi, na dawa za aina hiyo zinaweza kupanua mboni. Mwenye kona pana hadhuriki. Mwenye kona finyu anaweza kuamsha shambulio kwa kidonge cha dukani alichomeza ili amalize sare za watoto. Kwa maumivu ya mafua meza parasetamoli, kunywa vya moto, jifunike, na kila utakapokwenda kutibiwa taja kwamba jicho lako linachunguzwa.

Sijasema kwamba huo ndio ugonjwa wako. Kwa barua siwezi kuiona kona ya jicho lako. Pete kwenye taa huletwa pia na ute uliotanda juu ya jicho. Hizo mtu akipepesa macho mara kadhaa zinafutika. Mtoto wa jicho naye hutawanya mwanga, ila huyo haumi. Na mume wako ana hoja: baada ya miaka 40 karibu kila mtu anahitaji msaada wa kuona karibu, na kushona kitambaa cheusi usiku chini ya balbu moja kunachosha hata macho ya kijana. Lakini miwani ya kuchagua mezani sokoni haipimi presha. Ukinunua hiyo ukatulia, tutakuwa tumelijibu swali la mume wako tu, la dada zako limebaki.

Sasa niliseme ninalolisema kila siku pale kliniki. Watu huja wakiwa wamepima jicho kwa ukali wa maumivu. Likiuma sana wanakimbia, likiuma kidogo wanangoja. Chembe ya mchanga inaweza kumliza mwanamume mzima na kesho yake akawa shambani, ilhali presha ya macho ya aina ile nyingine, inayopanda polepole, inakula uwezo wa kuona miaka na miaka bila maumivu yoyote. Maumivu yaache yakuarifu tu. Kipimo ni kuona: je, jicho hili linaona leo kama lilivyokuwa linaona wiki iliyopita?

Jipime leo nyumbani. Simama mbali na kalenda ya ukutani, kama una miwani ya mbali ivae. Ziba jicho la kushoto kwa kiganja bila kulikandamiza, soma tarehe, kisha badilisha. Watu wengi wanagundua jicho moja limeshuka siku wanapoliziba lile zima, kwa sababu macho mawili yanasaidiana na lile zima linaficha udhaifu wa mwenzake. Ukikuta jicho la kulia lina ukungu kuliko la kushoto, hiyo "wiki hii" niliyosema igeuze kuwa leo.

Usiku wowote jicho likiuma kwa nguvu, likawa jekundu, ukaanza kuona ukungu au kutapika, usisubiri kupambazuke. Nenda hospitali yenye huduma ya dharura, na ukifika mapokezi neno la kwanza liwe hili: "Jicho linauma na sioni vizuri." Ukianza na kichwa na kutapika, utapelekwa kupima malaria kama alivyopelekwa mama, na si kwa ubaya, ni kwa sababu wagonjwa wengi wanaosema hivyo wana malaria kweli. Wakati huo saa zina thamani. Mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa hatuna dawa ya kuufufua, lakini presha ikishushwa mapema, kuona huokolewa.

Hofu yako ya kuambiwa unapofuka naielewa, maana umelelewa nyumba moja na jicho lililozimika. Kwa ulivyonieleza, mama aliumwa, presha ikakaa juu kwa siku nyingi, na hakuna aliyelipima jicho. Wewe unakwenda ukiwa bado unatunga uzi kwenye sindano. Kona finyu ikigunduliwa mapema, daktari wa macho anaweza kutoboa tundu dogo mno kwenye ile sehemu ya rangi kwa mwale wa leza ili maji yapate njia nyingine. Unawekewa matone ya ganzi, unakaa kwenye kiti, na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Pasipo na leza utapewa rufaa, au upasuaji.

Kuhusu kuwapotezea watu muda: kumwambia mtu kwamba jicho lake ni zima ni sehemu ya kazi yetu. Nimewarudisha wengi nyumbani na ushauri wa miwani peke yake, na ninafurahi kila mara.

Wewe uko mjini, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ina idara ya macho, usihangaike kuanzia mbali. Utasomeshwa herufi za ukutani kutoka mita 6, jicho moja moja. Utamulikwa kwa tochi, utawekwa kidevu kwenye mashine yenye mwale mwembamba wa taa, na presha itapimwa. Kabla hujawekewa matone ya kupanua mboni, taja zile pete za rangi na habari ya mama, hata kama hujaulizwa, kwa sababu mwenye kona finyu huangaliwa kona kwanza. Hilo hufanywa kwa lenzi ndogo yenye vioo inayogusishwa juu ya jicho lililotiwa ganzi. Haiumi. Siku hiyo usipange kushona. Ukipanuliwa mboni, vitu vya karibu hutaviona vizuri kwa saa kadhaa.

Na dada zako wa Tukuyu, waliokuhimiza vizuri, wapimwe nao hata kama hawaumwi. Umbo la kona hurithiwa.

SWALI

Sista, habari za kazi. Mimi ni mkulima wa mpunga Igurusi, Mbarali. Tulipokuwa tunapura, punje iliniruka jichoni. Niliosha, ikatoka. Kesho yake jicho likawa jekundu, nikaenda duka la dawa nikapewa chupa ya matone. Siku za kwanza lilitulia, wekundu ukaisha, nikarudi kazini. Sasa wiki imepita, linauma kuliko mwanzo, juani siwezi kulifungua, na mke wangu anasema kuna kidoa cheupe kwenye jicho. Je, ninunue chupa nyingine ya dawa ile ile?

Mkulima, Igurusi

JIBU

Ujumbe huu haukungoja gazeti. Nilimpigia ndugu huyu mara tu nilipousoma, na akaenda hospitali. Ninauchapa kwa ruhusa yake kwa sababu kuanzia Igurusi mpaka Rujewa mavuno yanaendelea, na punje haichagui jicho.

Kidoa cheupe kwenye kioo cha jicho baada ya kuumia ni kidonda mpaka ithibitike vinginevyo, na kidonda cha kioo cha jicho ni cha kutazamwa siku hiyo hiyo. Punje ya mpunga, jani la mahindi, kijiti cha kuni, vyote hivi hubeba fangasi wa shambani. Mchubuko mdogo unatosha kuwaingiza. Kazi yao huenda polepole, kwa hiyo mtu hudhani anapona.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni kule kutulia kwa siku za kwanza. Nilimwomba anipigie picha chupa yake, na kibandiko kilisema kuna deksamethasoni ndani. Dawa za jamii hiyo huondoa wekundu na uvimbe haraka, na zina kazi yake nzuri mikononi mwa daktari wa macho. Kwenye jicho lenye fangasi, au lenye virusi vinavyoleta malengelenge, zinaushusha ulinzi wa mwili huku kidonda kikichimba. Jicho linaonekana jeupe kumbe linaliwa. Wasomaji wangu, kabla hujalipia matone yoyote soma kibandiko. Ukiona neno linaloanza na "dexa", "predni" au "betametha" na hakuna mtu aliyekuangalia jicho kwa mashine, rudisha chupa. Nawaomba na wenye maduka ya dawa, kwa heshima: jicho lililoumia na jani au punje, mwelekezeni mtu hospitali. Mnaaminiwa kuliko mnavyojua.

Hospitalini hufanyika hivi. Muuguzi huchukua kijikaratasi chembamba chenye rangi ya chungwa, hukilowanisha, hukigusisha ndani ya kope ya chini, kisha humulika kwa taa ya bluu. Jicho zima huonekana la bluu iliyoiva, na pale palipochubuka panawaka kijani kibichi. Mara nyingine ni mstari kama uzi. Mara nyingine ni bwawa lililofunika nusu ya mboni, na mgonjwa bado anasema "ni punje tu, Sista." Kidonda hukwanguliwa kidogo kwa ganzi ili kipimwe ni wadudu gani. Kikiwa ni cha fangasi, matone yake huwekwa mwanzoni kila saa, mchana na usiku, na matibabu huchukua wiki nyingi. Kovu linaweza kubaki. Tunachopigania ni lisikae katikati ya mboni.

Ukienda, beba chupa zote ulizotumia. Sema pia kila kitu kingine kilichotiwa: asali, maji ya tumbaku, mkojo, maziwa ya mama, dawa ya mizizi. Mimi sigombezi mtu anayeniambia ukweli, kwa sababu ukweli huo hunisaidia kuchagua tiba. Usilifunge jicho kwa kitambaa. Na mnaopura, simameni upepo ukiwa mgongoni, mkavae hata miwani ya kawaida ya plastiki.

SWALI

Shikamoo. Kijana wangu anajifunza kuchomelea Mafinga. Juzi alilala vizuri, saa saba usiku akaamka analia, macho yote mawili anasema yamejaa pilipili. Fundi wake akampa matone ya ganzi, yakatulia. Naweza kuendelea kumtia?

Mzazi, Mufindi

JIBU

Hapana. Ganzi haitibu. Inamfanya asisikie, afikiche, na ikitumika mara kwa mara inazuia kioo cha jicho kupona. Imwageni.

Kilichompata ni kuungua na mwanga wa kuchomelea alioutazama bila ngao. Maumivu huchelewa saa 6 hadi 12, ndiyo maana yanakuja usiku. Akae kwenye chumba chenye giza, apate parasetamoli na kitambaa cha maji baridi juu ya kope zilizofungwa. Ndani ya siku moja au mbili huwa limekwisha. Lisipokwisha, au kuona kukibaki na ukungu, aje.

Kuna jambo lingine la karakana ambalo ni baya kuliko hilo. Likiuma jicho moja tu baada ya kutumia grenda, kuna uwezekano wa chembe ya chuma kukwama, nayo huacha kutu. Aje itolewe, isitolewe na mwenzake kwa ncha ya kiberiti. Na ikiwa alikuwa anagonga chuma kwa nyundo akahisi kitu kimemruka, aje siku hiyo hiyo hata kama hakuna maumivu. Kipande kidogo chenye kasi hupenya mpaka ndani ya jicho na kuacha alama ndogo sana nje. Jicho la namna hiyo msilioshe kwa kulikamua, msilikandamize. Lifunikeni kwa kitu kigumu kisichogusa kope, mje.

Maji ya betri au saruji yakiingia, hapo mambo hugeuka: kwanza maji safi mengi, dakika 15 mpaka 30, kope zikiwa wazi, ndipo safari ya hospitali. Mkianza safari kabla ya kuosha, jicho linaungua njiani.

SWALI

Sista naomba unisaidie. Nina mtoto mchanga wa siku sita. Tangu jana macho yanatoa matongotongo mengi ya njano, kope zimevimba hazifunguki. Bibi yake anasema nikamulie maziwa yangu yatasafisha. Tuko kijijini, Njombe.

Mama mzazi, Njombe

JIBU

Mwanangu, mpeleke leo. Ndani ya siku 28 za kwanza, usaha machoni pamoja na kope kuvimba ni dharura, kwa sababu wadudu wengine wanaopatikana wakati wa kuzaliwa wanaweza kutoboa kioo cha jicho kwa muda mfupi sana. Bibi mwambie kwa upole kwamba maziwa ni chakula cha mtoto, mnyonyeshe njia nzima, lakini machoni usiyatie.

Kabla ya kutoka, nawa mikono, futa usaha kwa pamba au kitambaa safi kilicholowekwa kwenye maji yaliyochemka na kupoa, kila jicho na pamba yake, kuanzia upande wa pua kwenda nje. Usilazimishe kope. Anzia kituo cha karibu wasikucheleweshe barabarani, ila uliza kama wana dawa ya sindano kwa mtoto mwenye usaha machoni, maana mafuta ya macho peke yake hayatoshi. Kama hawana, waombe rufaa papo hapo. Wewe na baba yake mtapimwa na kutibiwa pia, nendeni wote.